Kipande Kikubwa

1

Mapacha waliingia wakigombana. Kabla mlango haujafunguka, Semboja aliwasikia ukumbini.

"Kila siku kikubwa chako."

"Anayekata ndiye anayechoka. Lazima ale."

"Umekata huku umefumba jicho moja, Doto. Nimekuona."

Walikuwa wanawake wawili waliovuka thelathini, sura moja, kimo kimoja, hata mwanya wa meno ya mbele mmoja. Aliyevaa sare ya reli alikuwa anatafuna. Mwenzake, Kulwa, mwenye nywele zilizosukwa mistari myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu, alikuwa ameinua juu kipande cha tobolwa, kile kiazi kitamu kinachochemshwa, kikakatwa na kuanikwa juani mpaka kikawa kigumu kama soli ya kiatu.

"Mtani, hebu amua wewe," alimwambia Semboja kabla hata ya salamu. "Hii ni nusu?"

Semboja alikitazama kipande kwa makini, kama alivyotazama kila kitu. "Hiyo ni robo."

"Umesikia, Doto?"

"Mzigua anajua nini juu ya kugawa? Wao wakiona chakula hula kwanza, cha nani watauliza baadaye."

"Na Mnyamwezi asipobebeshwa mzigo hupotea njia," alisema Semboja. "Hata wa robo tobolwa. Karibuni, watani. Kaeni."

Wakacheka, wakakaa. Kliniki ya Nasaba pale Tabora ilikuwa na utaratibu ambao kliniki nyingine ziliushangaa: kila mteja alipewa mshauri aliye mtani wake. Waliouanzisha waliona kwamba habari nzito mtu huipokea vizuri zaidi kwa yule ambaye tangu enzi za mababu ana ruhusa ya kumtania hata msibani. Semboja alikuwa ameifanya kazi hiyo mpaka nywele zikageuka mvi, na bado hakuwa na hakika kama utaratibu ule ulipunguza uchungu au uliufundisha tu kukaa kwa adabu.

"Nitawaeleza tutakachofanya," alisema, "ili msishtukizwe. Kwanza tutaongea. Nitachora ukoo wenu. Kisha nitawaambia kisomaji, mashine yetu ya kusoma damu, kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini. Leo sitoi damu ya mtu. Mtu akitaka kusimama na kwenda zake, mlango haufungwi."

Akagusa meza. Kioo chake kikawaka weupe hafifu, naye akaanza kuchora kwa kidole: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Bibi yao. Mama yao, Mwashi. Mjomba wao, Msonda. Kwa kila aliyeugua, kidole kilijaza umbo weusi.

"Mjomba Msonda usimjaze," alisema Kulwa. "Yeye alikuwa mlevi tu."

"Mlevi huangusha glasi akishalewa," alisema Doto. "Yeye alikuwa anaiangusha ya asubuhi, ya maziwa."

Semboja akaujaza mraba ule polepole.

Ukoo wao ulikuwa na ugonjwa ambao watu wa mtaani waliuita mikono kusahau. Uliwakamata watu walipokaribia miaka arobaini. Ulianza kwa kifungo cha shati kukataa kuingia tundu lake. Kisha kijiko, kisha ufunguo, na mwisho ulimi nao ukasahau kazi yake, huku akili ikibaki nzima, ikitazama. Mama yao alikaa hivyo miaka. Mapacha ndio waliomuuguza, na hata mikono yake waligawana: Kulwa aliukanda wa kulia, Doto wa kushoto. Mwashi aliwalea kwa kanuni ya mapacha. Kitu kikija kimoja hukatwa viwili. Mgeni akija na zawadi moja, hurudi nayo. Kwa hiyo walipomgawana yeye mwenyewe hakuna aliyeona ajabu.

Semboja alichora maduara mawili ya mwisho, akayaunganisha kwa mstari mfupi.

"Kamba ya nini hiyo?" aliuliza Kulwa.

"Inaonyesha kwamba mlitoka katika yai moja. Kilichoandikwa katika damu ya mmoja kimeandikwa katika damu ya mwingine, herufi kwa herufi."

"Mbona yetu hujayajaza?"

"Nimeyaacha wazi. Wazi maana yake sijui."

"Basi yaache hivyo hivyo," alisema Kulwa. "Yanapendeza."

Doto aliweka mikono mezani. Alikuwa bado amevaa glavu zake za kukagulia reli, zile zinazotetemeka kidogo vidoleni zikipita juu ya ufa usioonekana kwa macho. Akazivua, moja baada ya nyingine.

"Mtani, nina mimba," alisema. "Mume wangu anajua, na huyu anajua. Sasa na wewe."

"Hongera."

"Nasikia kuna sindano."

"Ipo." Semboja alipanga maneno. "Mtoto akiwa tumboni, kabla mishipa yake ya fahamu haijakamaa, sindano ile inaweza kulirekebisha lile andiko baya, na yeye asiugue kamwe. Wala watoto wake. Ila haimsaidii mtu aliyekwisha kuzaliwa. Na haipigwi kwa kubahatisha. Ikimkuta mtoto asiye na ugonjwa, italiharibu andiko zima, itakuwa tumemletea ugonjwa sisi wenyewe."

"Kwa hiyo lazima asomwe kwanza."

"Lazima asomwe kwanza. Kukiwa na heri, kisomaji kitasema hana. Hapo yeye atakuwa salama na juu yenu ninyi wawili tutakuwa hatujajua chochote. Maana hata mama mwenye ugonjwa huweza kuzaa mtoto asiye nao, ni kama kurusha shilingi juu. Kisomaji kikisema anao..."

"Ameutoa kwangu," alisema Doto.

"Kwako, maana kwa mumeo haupo. Na ukiwa kwako..."

"Uko kwangu," alimalizia Kulwa. Alikuwa ameviweka vipande viwili vya maneno yao pamoja kwa utulivu, kama mtu anayefunga ncha ya msuko. Kisha akasema, bila ukali, "Mimi sitaki kujua."

Nje, treni ya mwendokasi ya Kigoma ilipita na vioo vya dirisha vikanung'unika.

"Mtani, mimi ni msusi," Kulwa aliendelea. "Kichwa kimoja kina misuko mia. Nikijua, kila unywele utakaoniponyoka nitasema, haya, imeanza. Mama alikufa mara moja. Mimi nitakufa kila siku, kwenye kila kichwa, na wateja wanasubiri kwenye benchi. Kama ipo, ije. Lakini isinitumie barua kwanza."

"Na mimi sitaki mwanangu aje amlishe mtu uji," alisema Doto. "Wala yeye aje alishwe." Alisema hivyo akizitazama glavu.

Sheria ya Ridhaa ilisema wazi: mapacha wa yai moja wanamiliki jibu moja, na mmoja wao akikataa, mshauri ndiye anayeamua. Sheria ilikuwa fupi kwa sababu walioiandika hawakujua la kuongeza. Semboja aliwatazama wanawake wawili waliokuja kumkabidhi shoka, kila mmoja akishikilia upande wake wa gogo.

Kulwa ndiye aliyemwondolea mzigo.

"Mimi sijakataa yeye kujua," alisema. "Mtoto ni mtoto. Ajue. Nimekataa mimi kujua. Mnachonga nyuso za watu hapa, nimesikia. Mfundishe."

"Kufundisha nini?"

"Kunidanganya." Alimgeukia pacha wake, akatabasamu, mwanya ukaonekana. "Maana hajui. Tangu utoto hajui. Akiiba sukari ananuna yeye."

2

Chumba cha mazoezi kilikuwa na kioo kimoja kirefu kama mlango, na ndani ya kioo kile kliniki ilihifadhi vivuli.

Kivuli hakikuwa picha. Mtu asiyetaka kujua jibu alikaa mbele ya kioo siku nzima akiongea, akiuliza, akishuku, akitania, mpaka mashine ikajifunza namna yake ya kuchokonoa. Baadaye ndugu yake aliletwa kukabiliana nacho. Kivuli kiliuliza kama anavyouliza mwenyewe, na kilitazama kama anavyotazama mwenyewe: kope, koo, bega linalopanda, neno linalochelewa. Mwishoni taa iliwaka juu ya kioo. Kijani, kivuli hakikugundua. Nyekundu, kimejua.

Kulwa alikitengeneza kivuli chake kwa bidii iliyomshangaza Semboja. Hakuificha hila hata moja.

"Andika na hii," alikiambia kioo. "Doto akisema uongo anaanza na 'kusema kweli'. Halafu anashika sikio. La kushoto. Ukimwona anacheka kabla sijamaliza mzaha, ujue anaficha kitu." Akafikiri. "Na nikitaka kumkamata kabisa, huwa namuuliza habari za mama. Hapo hawezi."

"Unajua unachokifanya?" Semboja alimuuliza. "Unaifundisha mashine njia zote za kumnasa ndugu yako."

"Ili azizibe. Ukitaka kujenga ukuta, mwite mwizi akuonyeshe anapopandia."

Siku ya pili aliingia Doto peke yake. Alipoiona sura ndani ya kioo alicheka kwanza, maana ilikuwa sura yake mwenyewe. Kisha kivuli kikainamisha kichwa upande, kama Kulwa, na kicheko kikamkauka.

"Haya, niambie," kilisema kivuli kwa sauti ya Kulwa. "Umeambiwa nini huko?"

"Kusema kweli, mimi..."

Nyekundu.

"Umeshindwa kabla hujaanza, mtani," alisema Semboja. "Wazee wenu walitembea kwa miguu mpaka pwani na meno ya tembo kichwani, wewe maneno mawili yamekulemea."

"Wazee wetu walibeba meno ya tembo. Wenu walikuwa njiani wanayahesabu kwa macho." Alijifuta jasho. "Tena."

Utaratibu wa kliniki ulikuwa mmoja kwa majibu yote mawili. Mjamzito alipangiwa ziara zile zile na sindano zile zile. Kwa mtoto mgonjwa sindano ilikuwa na dawa, kwa mtoto mzima ilikuwa na maji ya chumvi. Hakuna jirani wala dada aliyeweza kujua kwa kuhesabu ziara. Kwa hiyo na uso ulipaswa kuwa mmoja. Semboja hakumfundisha Doto kuficha huzuni. Alimfundisha kutoka na sura ya mtu aliyechoka, kwa kuwa habari njema na habari mbaya zote huchosha. Alimfundisha mahali pa kuweka mikono. Alimfundisha kupumua kabla ya kujibu, na kupumua vile vile anapoulizwa kama anataka chai.

Jioni moja kivuli kiliuliza, "Unakumbuka mama alivyokuwa anashindwa kifungo, halafu anajidai anasikia joto?"

Doto akapumua. "Nakumbuka," alisema. "Tena lile gauni la bluu. Nilikuwa nalipenda."

Kijani.

Hakushangilia. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akakunja miguu. "Nimeweza," alisema. "Mtani, mbona nimeweza?"

Semboja akamfuata chini. Alikaa naye sakafuni, ingawa magoti yake yalilalamika, mpaka mlinzi alipokuja kuuliza kama wafunge.

Akiwa njiani kurudi nyumbani alijiuliza kama alichokuwa akifanya ni tiba. Alikuwa amemchukua mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kumficha ndugu yake hata kijiko cha sukari, na kumfundisha kumficha kifo. Lakini mwenye kufichwa ndiye aliyeomba. Alilipindua jambo lile huku na huku, kama mtu anayetafuta upande wa kushikia chungu cha moto, na hakuuona.

3

Siku ya jibu walikuja pamoja. Kulwa alibaki kwenye benchi la ukumbini na mfuko wa matobolwa, akasema hatasogea hapo hata jengo liungue. Doto aliingia, akaketi, akaweka mikono mahali alipofundishwa.

Semboja alifunga mlango. Kliniki ilimkataza kuzungusha maneno, na yeye mwenyewe hakupenda. Mtu anayesubiri jibu kila neno la ziada humchoma.

"Mtoto anao, mtani."

Doto alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa, kama anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Na yule pale nje."

Kati yao, kwenye kioo cha meza, mchoro wa ukoo ulikuwa bado unang'aa. Doto alinyoosha kidole, akalijaza duara lake weusi, yeye mwenyewe. Kidole kikafika kwenye ile kamba, kikasimama. Akakirudisha.

"Lake liache wazi," alisema. "Linapendeza."

Kisha akalia. Alilia bila sauti, mdomo ukiwa wazi, kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba na Kulwa alikuwa upande wa pili. Semboja alimsukumia kitambaa cha maji baridi. Kazi yake saa ile ilikuwa ndogo, nayo aliijua: kukaa, kutotazama saa, kutomwambia mtu avumilie.

"Mtoto atapona?" aliuliza hatimaye.

"Sindano ya kwanza ni kesho kutwa. Wengi wanapona. Ningekudanganya ningesema wote."

"Basi atakuwa wa kwanza kwetu kuzeeka akiwa anajifunga vifungo." Alijifuta uso, akajitazama kwenye kioo cha ukutani. Alipumua. Semboja aliona uso ule ukijipanga, shavu, kope, midomo, hadi ukawa uso wa mtu aliyechoka na si zaidi. Aliogopa kidogo kuona jinsi ulivyokuwa mzuri.

"Niko sawa?"

"Uko sawa."

"Ukisikia nimeanza na 'kusema kweli', njoo unizibe mdomo."

Mlango wa ofisi ulikuwa na kidirisha, na Semboja alisimama nyuma yake. Hakuwa anapeleleza. Utaratibu ulimtaka awe karibu.

Kulwa aliinua macho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Huyo Mzigua anaongea! Nilidhani nitazaa humo humo."

"Una njaa?"

"Mtu na mimba yake unamuuliza swali gani hilo?"

Kulwa akacheka. Semboja, nyuma ya kioo, aliona bega la Doto likiwa chini, koo limetulia, mikono mahali pake. Kivuli kingewasha kijani. Kulwa alitia mkono mfukoni, akatoa tobolwa. Lilikuwa la mwisho, jeusi jeusi, limepinda kama sikio.

"Moja limebaki," alisema. "Haya, mwizi, kata."

Doto alilipokea. Akalivunja kwa vidole gumba vyote viwili, kama walivyozoea, na lilivunjika vibaya kama lilivyozoea, upande mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Akanyoosha mkono, akampa pacha wake kipande kikubwa.

Alikuwa ameanza kutafuna kile kidogo, akiongea habari za treni, za mvua, za mtu aliyesahau ng'ombe kwenye behewa. Hakujua alichokifanya. Mkono ulikuwa umejifanyia wenyewe.

Kulwa alikitazama kipande kile kwenye kiganja chake.

Alikitazama kwa muda ambao mtu asiyewajua asingeuona kuwa mrefu. Semboja aliona vidole vyake vikikunjika juu ya kile kiazi kikavu, kimoja kimoja, kisha vikifunguka, kama anayejaribu mlango kama bado unafunguka. Halafu Kulwa akakitia mdomoni na kuanza kutafuna.

"Ng'ombe wa nani?" aliuliza. "Hebu anza mwanzo."

Wakaondoka wameshikana mikono.

4

Kulwa alirudi peke yake wiki iliyofuata, bila miadi. Alikuta Semboja anafunga mapazia.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba." Utani haukuwa na shikamoo. Kwa neno hilo moja Semboja alijua.

Kulwa hakuketi. Alisimama karibu na meza, akatazama kioo chake kilichozimwa.

"Usiniambie kitu," alisema. "Sikuja kuuliza. Nilichojua nimejua."

"Nilikuona."

"Najua. Kichwa chako kilijaa dirisha zima." Alijaribu kutabasamu. "Miaka thelathini na zaidi hajawahi kunipa kikubwa. Hata siku mama anazikwa, tulipewa muhogo, akala kikubwa. Nilimpenda kwa hilo siku ile, mtani. Nilisema, basi dunia haijaisha."

Semboja alivuta kiti, akakaa yeye, ili mmoja wao awe ameketi.

"Kivuli hakikujua," alisema. "Mimi lilisemwa mbele yangu, siku ya kwanza, mkigombana mlangoni. Nikaamua robo na nusu kwa mzaha. Sikulifikiria."

"Hata mimi nilikiambia kioo kila kitu, hilo sikulisema. Nani anakumbuka kusema kwamba anapumua?"

Taa za ukumbini zilianza kuzimika moja moja. Semboja alisema kile ambacho kwa maoni yake kilipaswa kusemwa angalau mara moja. "Mwambie. Unalo jambo moja na yeye analo lile lile. Kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho wote mnacho. Sentensi moja ingewafungua wawili."

"Nimeifikiria hiyo sentensi." Kulwa alishika ukingo wa kiti, akaukaza. "Nikimwambia, atauliza nimejuaje. Nitamwambia nini? Nimuonyeshe mkono wake? Mtoto yuko tumboni, sindano ya pili bado. Ataona ameniua yeye. Kwa nini? Kwa sababu siku moja maishani mwake alinionea huruma." Akatikisa kichwa. "Anaamini amenipa zawadi. Kila asubuhi anakuja saluni, anapita tu, ananitazama nikisuka, anaondoka ana amani. Hiyo amani ndiyo kitu pekee ninachompa kizima. Siigawi."

"Na wewe?"

"Mimi naponyokwa na nywele kama kila msusi. Tangu wiki iliyopita nazihesabu." Alifungua viganja, akavitazama. "Bado, nafikiri. Sijui. Ndicho nilichokuwa nakikimbia, sasa nimo ndani yake. Mtu akishaingia mtoni haogopi tena mvua."

Semboja alitafuta katika sheria, ambayo ilikuwa fupi. Akatafuta katika miaka yake ya kazi, ambayo ilikuwa mirefu. Hakuna mahali palipomwambia kwamba mwanamke yule alikosea. Wala hakuna palipomwambia kwamba alipatia.

"Umekuja nikufanyie nini?"

"Juzi alikata andazi," alisema Kulwa. "Akanipa kikubwa tena. Nikakipokea kama mjinga, nikala. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, kama mtu aliyesikia mlio kwenye reli. Bado hajajua ni mlio wa nini. Akinipa mara ya tatu na mimi nikakaa kimya, atajua." Akamtazama usoni. "Nifundishe na mimi."

Semboja aliinuka. Alikwenda kwenye kabati la chai, ambako tangu wiki ile alikuwa na mfuko wa matobolwa alioununua sokoni bila kujua ameununua wa nini. Akachagua tobolwa moja. Walikwenda chumba cha mazoezi, akawasha kioo, na kivuli cha Doto kikajitokeza, kile ambacho kliniki ilikuwa imekichukua katika mazoezi yake yote: glavu za reli, mabega ya mtu anayejitahidi.

Kulwa alirudi nyuma hatua, akajikaza, akasogea.

"Hiki hakina mikono ya kushika," alisema Semboja. "Kwa hiyo nitakata mimi."

Akasimama kando ya kioo, akalivunja tobolwa. Lilivunjika vibaya. Akamnyooshea Kulwa kipande kikubwa, na ndani ya kioo sura ya Doto ikamtazama, ikisubiri.

Kulwa alikipokea. Macho yake yalijaa.

"Hapana," alisema Semboja kwa upole. "Uligombana vipi ulipoingia hapa mara ya kwanza? Gombana hivyo. Mtu aliyepewa kikubwa akiwa hana habari atasema nini?"

Kulwa alipumua. Akakigeuza kipande kile, akakiinua juu kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"We Doto," alianza, na sauti ikamtetemeka.

Nyekundu.

"Tena," alisema.

Akakirudisha kwenye kiganja cha Semboja, akakipokea upya, akakiinua.

"We Doto, umeumwa? Leo umenipa kikubwa." Alikipeleka puani, akakinusa kwa shaka. "Kimeoza nini? Lete hicho chako. Lete, nimesema! Mwizi haachi kwa siku moja, wewe una lako jambo."

Ndani ya kioo, sura ile iliyokuwa yake ikacheka, na juu ya kioo taa ikawaka kijani.

Semboja alimpa kile kidogo. Kulwa alikila kikavu, amesimama, akitazamana na ndugu yake, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni bila uso wake kubadilika hata kidogo.